Kampuni ya sherehe tuliyoikodi kwa miaka 90 ya Bibi, Machame: chakula cha kusifiwa, ratiba ya harusi

Kampuni tuliyoipa kazi ya kuandaa sherehe ya Bibi yetu kutimiza miaka 90, Desemba iliyopita huko Machame, inapika vizuri kuliko watoa huduma wengi wa mkoa wa Kilimanjaro ambao nimewahi kula chakula chao, inafunga maturubai kwa ustadi na inafika eneo la kazi kwa wakati. Pamoja na sifa hizo, karibu nusu ya tulivyovilipia vilikuwa huduma ya harusi iliyobadilishwa jina. Kampuni yenyewe siitaji, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia kwa wengine wa kazi hiyo hiyo, na anayejiandaa kumfanyia mzazi au bibi yake sherehe ya namna hii atafaidika zaidi akijua mambo ya kuuliza kabla ya kutoa malipo ya awali.

Tulichukua kifurushi kizima: chakula cha wageni 180 kwa shilingi 20,000 kwa kichwa, maturubai, viti na meza, mapambo, keki, ndafu mmoja (mbuzi mzima wa kubanikwa), vipaza sauti pamoja na fundi wa muziki, mshereheshaji, mpiga picha na mpiga video. Chakula kilikuwa na bei yake, lakini vingine vyote vilijumlishwa katika kiasi kimoja ambacho hakikuchanganuliwa, na nikiwa katibu wa kamati niliomba mchanganuo huo zaidi ya mara moja bila kuupata. Ni vyema ieleweke pia kwamba Desemba si mwezi wa kutafuta nafuu ya bei. Cheti cha ubatizo cha Bibi kinaonyesha kuwa alizaliwa Agosti 1935, lakini ukoo uliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na ng'ambo hukutana nyumbani wakati wa Krismasi tu, na familia nyingi za mlimani hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo harusi, vipaimara, ubatizo na shukrani za kila namna hugombania maturubai yale yale katika wiki mbili zile zile.

Baadhi ya wajomba walipendekeza ukumbi wa Moshi mjini, wenye maegesho na jenereta. Bibi alikataa kwa sababu ambayo hakuna aliyeweza kuipinga: hataki kusherehekewa mahali ambako akichoka hana kitanda chake. Hapo ndipo kampuni ilipotupa imani ya kwanza. Meneja wao alipanda mlimani mwenyewe wiki kadhaa kabla, akapima uwanja ulio kati ya nyumba na migomba, akauliza Bibi hutumia mlango upi, choo kiko upande gani, na jua la alasiri huangukia wapi. Turubai kubwa lilifungwa likiacha njia ya moja kwa moja kutoka barazani hadi kwenye kiti chake, na mvua iliyonyesha usiku wa kuamkia sherehe haikuacha dimbwi hata moja chini yake, kwa sababu vijana walichimba mfereji mdogo upande wa juu wa mteremko bila kuagizwa na mtu. Nimehudhuria sherehe za mlimani ambako wageni walikula wakiwa wameinua miguu juu ya tope, hivyo jambo hili nalipa uzito wake.

Mpambaji, kwa upande wake, alikuja na zulia jekundu. Zulia hilo ni zuri ukumbini juu ya sakafu ya vigae. Likitandazwa juu ya udongo wenye mteremko hujikunja pembeni na kufanya mawimbi katikati, na anayelipita kwa mkongojo anakuwa ametegewa mtego. Mjomba alilikunja kabla Bibi hajatoka ndani, na mpambaji akanuna. Kisha likaja suala la kiti. Walileta kile kiti kirefu cha rangi ya dhahabu, chenye mgongo unaopita kichwa cha aliyekaa na mto unaodidimia, ambacho huwekwa kwa ajili ya bibi harusi mwenye miaka 25 na magoti yake mazima. Bibi alipokalishwa, miguu yake haikufika chini, na alipotaka kuinuka kumlaki dada yake mdogo aliyetoka Kibosho, alilazimika kuvutwa na watu wawili. Tukaingia sebuleni tukamtolea kiti chake cha mbao chenye mikono, anachokalia kila siku. Mpambaji alilalamika kwamba kiti hicho kitaharibu rangi za meza kuu, na Shangazi akamjibu kwa upole ambao mimi nisingeuweza: "Mwanangu, leo tunamsherehekea aliyekaa, kiti kitasherehekewa siku nyingine." Kilifunikwa kwa kitenge cha sare na mambo yakaendelea.

Ushahidi kwamba kifurushi hiki kilikuwa cha harusi haukuhitaji kutafutwa. Katika rasimu ya ratiba tuliyoletewa, kipengele cha sita kilisomeka "maharusi kufungua shampeni", na mchoro wa meza kuu ulikuwa na viti viwili vya katikati, ilhali Bibi ni mjane wa miaka mingi. Tulicheka, wakarekebisha maandishi. Mpangilio wenyewe haukurekebishwa. Chakula kilibaki mwishoni, baada ya utambulisho, keki, zawadi na hotuba zote, kama ilivyo desturi kumbini, ambako mgeni akishalishwa huanza kutafuta funguo za gari. Sherehe iliyopangwa kuanza saa nane mchana na kumalizika saa kumi na mbili jioni ilikwisha saa mbili na nusu usiku, na wageni walipakuliwa chakula giza likiwa limeingia. Kwa kijana hilo ni usumbufu tu. Kwa mzee anayepaswa kumeza dawa za presha baada ya kula, na ambaye hulala saa moja na nusu, ni kosa la msingi, na baridi ya Machame ikishaanza kushuka kutoka mlimani hakuna turubai linaloizuia.

Jambo lililoniudhi kuliko yote ni sauti, na ningependa kulieleza kwa kirefu kwa sababu nadhani ndilo linaloharibu sherehe nyingi za wazee bila waandaaji kutambua. Vipaza sauti viwili vyenye kimo cha mtu mzima vilisimamishwa kila upande wa meza kuu, hatua chache kutoka alipoketi mwenye siku yake. Usikivu wa mtu aliyezeeka kwa kawaida huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, zile zinazobeba konsonanti kama s, f na t, huku sauti nzito zikibaki, na kelele za pembeni humfanya asiweze kabisa kutenganisha maneno. Kwa hiyo kuongeza sauti hakumsaidii kusikia, kunamwongezea besi tu kifuani. Nilimwona Bibi akitabasamu na kutikisa kichwa wakati mwanawe wa kwanza akimshukuru kwa kumsomesha, na nilipoinama kumuuliza Baba Mkubwa amesema nini, akanijibu kwamba ameona midomo yake ikicheza. Kuanzia hapo binamu yangu alikaa pembeni yake akimrudia kila hotuba sikioni kwa Kimachame, sentensi baada ya sentensi, na ghafla Bibi akaanza kujibu, kucheka mahali panapostahili kuchekwa, na mara moja kumsahihisha msemaji kuhusu nani aliyemchimbia nani kisima.

Tulimwomba fundi wa muziki apunguze. Alipunguza kwa wimbo mmoja, kisha akapandisha tena, akieleza kwamba wageni wa nyuma hawatachangamka. Maelezo hayo yanatosha kuonyesha sherehe ilipangwa kwa ajili ya nani. Vipaza sauti vidogo vinne vilivyowekwa pembezoni mwa turubai vikielekea kwa wageni, na msemaji akasimama mbele ya mzee ili uso wake uonekane, vingetosha kwa watu 180 na kumwacha mwenye siku yake asikie anachoambiwa. Hatimaye ni Bibi mwenyewe aliyetuma ujumbe kwa lugha yake, nao ukatafsiriwa kwa sauti na kushangiliwa na turubai zima: mwambieni kijana huyo apumzike kidogo, hata ng'ombe wameacha kula.

Mshereheshaji alikuwa mtu mwenye kipaji, na ni haki kusema hivyo. Utambulisho wa ukoo, ambao ndio hutoa watu jasho kwa sababu kumsahau mkwe mmoja ni kuanzisha mgogoro wa miaka, aliumudu vizuri sana, akifuata orodha tuliyompa na kutamka majina ya mitaa na koo bila kuteleza. Alipotoka nje ya orodha ndipo alipotuangusha. Utani wake ulikuwa wa maharusi: chumba cha kulala, nani atampikia nani, lini mtoto atapatikana. Mbele ya mchungaji aliyekuwa ametoka kuongoza ibada ya shukrani, na mbele ya mwanamke wa miaka 90, utani huo ulipokewa kwa kimya kizito, naye akadhani tatizo ni umeme wa kipaza sauti. Alijaribu pia kulazimisha duru tatu za kutunza, watu wakicheza kuelekea meza kuu na noti mkononi. Duru ya kwanza ilikuwa nzuri, kwani wajukuu walicheza kweli na Bibi akapiga makofi. Ya pili na ya tatu zilikuwa ukusanyaji wa fedha, kutoka kwa watu waliokwisha kutoa michango kwa kamati tangu Septemba.

Muda huo ulikatwa kutoka kwenye wasifu wa Bibi. Mjukuu mkubwa alikuwa ameuandaa kwa miezi, akimhoji Bibi na wazee wenzake, na ulipangiwa dakika 30. Ulipewa zaidi kidogo ya kumi, taa zikiwa zimeshawashwa na watoto wakilia njaa. Mle ndani kulikuwa na maisha ya mtu aliyezaliwa miaka miwili baada ya ushirika wa wakulima wa kahawa wa KNCU kuundwa mwaka 1933, aliyekuwa msichana wakati Thomas Marealle anatawazwa kuwa Mangi Mkuu, yaani mtawala mkuu wa Wachaga, mwaka 1952, aliyebeba kahawa kichwani hadi chama cha msingi, akapokea malipo na kuyageuza ada za shule za watoto wanane. Uhuru ulimkuta mwaka 1961 akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Hayo ndiyo wageni kutoka Dar es Salaam walikuwa hawayajui, na ndiyo yaliyostahili saa nzuri ya mchana, wakati kila mtu ana nguvu na mwenyewe yuko macho kuongezea maneno. Kampuni haina nafasi ya jambo kama hilo katika mpango wake, kwa sababu maharusi huwa hawana wasifu wa kusoma.

Sasa nije kwenye chakula, ambacho peke yake kingenifanya niwakodi tena. Siku ya kuonja, mpishi mkuu wao, mama wa makamo mwenye maneno machache, aliniuliza swali ambalo hakuna mwingine katika kampuni hiyo aliyefikiria kuliuliza: "Huyo bibi bado anatafuna?" Nilipomjibu kwamba anatafuna upande mmoja tu, akauliza kuhusu chumvi, sukari na saa anazokula. Siku yenyewe, saa nane na nusu, kabla hata ya utambulisho, alimletea Bibi bakuli la mtori uliopikwa kwenye sufuria ya pembeni: ndizi mshare zilizoiva pamoja na nyama ya mifupa, zikapondwa hadi ukawa laini pasipo bonge, chumvi kidogo, mafuta kidogo, na nyama ikiwa imechambuliwa nyuzi nyuzi. Ni kwa sababu ya bakuli hilo kwamba ucheleweshaji wa chakula nilioulalamikia haukutuletea matatizo ya kiafya. Kwa wageni wengine kulikuwa na machalari (ndizi zilizopikwa na nyama), kiburu cha ndizi na maharage, mboga ya mnafu iliyochumwa asubuhi hiyo, pilau, wali, nyama ya kukaanga na kuku. Pilau ilikuwa kavu kidogo na kuku alikuwa kuku wa kila sherehe, sina la kuongeza juu yake. Machalari yalikwisha yote, na nilimwona mgeni mmoja mashuhuri wa ukoo akipangusa sahani kwa kipande cha ndizi alipodhani haonekani.

Ndafu alistahili aya yake. Siku hizi mbuzi mzima wa kubanikwa huingizwa kumbini kote nchini, mara nyingi akichukua nafasi ya keki, na katika safari hiyo ameshaharibiwa na wengi: ngozi imeungua kwa nje, paja likikatwa linatoa damu karibu na mfupa, na mapambo ya majani yanaficha makosa. Huyu alibanikwa polepole tangu usiku, na alipokatwa nyama ilikuwa imeiva hadi kwenye kiungo cha nyonga, ikiwa bado na maji yake. Waliomwingiza waliimba vizuri, ingawa mpiga video alitaka akatwe haraka akiwa mzima mbele ya kamera. Baba Mkubwa aliwazuia. Kwetu nyama hugawanywa kwa kufuata uhusiano, na kipande cha mtu hakichukuliwi na mwingine kwa sababu tu yuko karibu na kisu. Msaidizi wa mpishi, kijana wa huko huko mlimani, alilielewa hilo bila kufundishwa. Alisogeza sinia kando, akasubiri maelekezo ya wazee na kutenga vipande kimoja kimoja, na kwa Bibi akakata ini laini. Keki ya ngazi tatu yenye tarakimu 90 ilikuwa nzuri kwa macho na tamu kupita kiasi, na watoto waliimaliza.

Kulikuwa na mzozo mmoja mdogo wa vinywaji. Mkataba ulikuwa na ada kwa kila kinywaji kitakachotoka nje ya kampuni, kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya soda na bia. Mbege yetu ilitengenezwa na Shangazi pamoja na majirani kwa siku kadhaa: ndizi mbivu zikachemshwa na kuachwa zichache, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, gome la msesewe likitoa uchungu wake. Msimamizi wa zamu alitaka kuitoza ada kwa ndoo. Kumtoza mwenye mji kwa pombe iliyopikwa jikoni kwake, kwa ajili ya wazee waliokuja kumpongeza, ni jambo ambalo hata yeye alilionea aibu alipoelezwa, na ada ikafutwa palepale. Mwingine asitegemee aibu, afute kifungu hicho kabla ya kutia saini.

Mpiga picha alikuwa kijana makini. Alifika saa tano asubuhi, akamwomba Bibi akae chini ya mti wa kahawa wa zamani nyuma ya nyumba pamoja na binti yake wa kwanza, mjukuu na kitukuu, wakati bado hajachoka na mwanga ni mwororo. Picha hiyo ya vizazi vinne sasa imetundikwa katika nyumba nyingi za ukoo. Video ilitusikitisha. Ilikuja baada ya zaidi ya mwezi mmoja, ikiwa imepambwa kwa muziki tangu mwanzo hadi mwisho, na muziki huo ulifunika hotuba zote, pamoja na maneno ya shukrani ya Bibi mwenyewe, ambayo yalikatwa yakabaki sekunde chache za midomo inayocheza. Kwa video ya harusi huenda hilo halina shida. Kwa mtu wa miaka 90 sauti yake ndiyo mali tuliyoinunua. Tulipolalamika, kampuni ilitupatia rekodi ghafi kwenye flashi bila malipo ya ziada na bila ubishi, na mle maneno yake yote yapo, hata yale ya kumpumzisha fundi wa muziki.

Kwa hiyo ninayempendekezea kampuni ya aina hii namshauri anunue kwa vipande. Chakula, maturubai na mpiga picha ningewapa tena bila kusita, hata kwa bei ya Desemba. Vipaza sauti ningeviomba vidogo na kwa maandishi, mapambo ningeyapunguza hadi vitambaa na maua ya meza, na ushereheshaji ningemkabidhi mtu wa ukoo anayejua lugha ya nyumbani na kujua nani ni shemeji wa nani, hata kama hana suti inayong'aa. Katika ratiba, ibada ifuatiwe na wasifu, wasifu ufuatiwe na chakula, na mengine yote yaje baadaye, mzee akiwa huru kuingia ndani.

Kifungu cha mwisho cha kukagua ni cha kuahirisha. Malipo ya awali yalikuwa nusu ya gharama yote na hayarudishwi, na mkataba uliruhusu kuhamisha tarehe iwapo "mmoja wa maharusi" ataugua. Tulimwambia meneja waziwazi kwamba tunamwandalia sherehe mtu wa miaka 90, na kwamba kuugua kwake katika miezi mitatu ya kusubiri ni jambo linalotarajiwa zaidi kuliko mvua. Alichukua kalamu, akafuta neno maharusi, akaandika kwa mkono kwamba fedha zitahamishiwa tarehe nyingine ndani ya mwaka mmoja bila nyongeza, na akatia saini pembeni. Hatukulazimika kukitumia kifungu hicho, lakini bila ya saini ile kamati isingetoa hata shilingi.